Pumzi Tatu Juu ya Kreni

Ngazi ya kreni ilikuwa na vipago mia na themanini, na Mwewe alivijua kimoja kimoja, maana mara nyingi alivishuka amebana meno na kila kingine kinachobanika. Jina la Mwewe walimpa mafundi wa jengo lile, kwa kuwa alikaa juu kutwa akiwatazama kama vifaranga. Alilipenda. Mwewe hana shida. Mwewe hana tumbo.

Tumbo analo, na huu ulikuwa mwaka wa tatu likimtesa. Likianza kusokota lilimpa dakika nne. Kushuka ngazi ni dakika saba.

Daktari alimpima asione kidonda. Utumbo wako ni mwepesi wa kushtuka, alimwambia. Ukiingiwa na wasiwasi, unajikunja. Akampeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja asiyecheka ovyo, naye akampa mambo mawili. La kwanza ni kupumua: vuta taratibu, shusha mpaka tumboni, toa polepole, macho umefumba. Hilo ni la nyumbani, alisisitiza, huna kazi mkononi. La pili, mwambie mtu mmoja kazini, mmoja tu, kwa sababu hofu ya kuaibika inalichokoza tumbo kuliko chakula.

La kwanza alilishika kwa bidii, asubuhi na jioni, likamfaa. La pili lilimshinda. Mtu wa kuambiwa alikuwa kaka wa mkewe, mpiga ishara, aliyesimama chini na fulana yake ya kung'aa, mikono ikisema pandisha, shusha, simama. Sheria yao ilikuwa moja: mzigo ukiwa hewani, macho ya dereva hayaachi mikono ile. Lakini mdomo wa shemeji haukuwa na breki. Ukikohoa mbele yake leo, kesho jengo zima linakupa pole. Na msimamizi alishatangaza kuwa mwenye maradhi hapandi juu, atabeba matofali. Mwewe abebe matofali? Bora njaa. Akawa hatii kitu kinywani mpaka jioni.

Asubuhi moja shemeji alimsimamisha chini ya ngazi.

"Shemeji, mbona unakauka? Dada yangu hakulishi? Niruhusu nikamseme."

Neno lilimfika ulimini. Mafundi wawili wakapita wakicheka mambo yao, akalimeza.

"Napunguza mwili," alisema, akaanza kupanda.

Saa nne, bunda la nondo likiwa hewani, tumbo likasokota. Chini, mikono ya shemeji ilimwita: shusha, shusha. Pumzi tatu tu, alijiambia. Akapunguza mwendo, akafumba macho kama alivyozoea kitandani.

Tumbo likatulia. Hilo ndilo hatajisamehe: lilitulia kweli. Alipofumbua, mikono ya chini ilikuwa juu, viganja wazi, simama, simama. Bunda lilikuwa limeshagonga ukingo wa ukuta. Akavuta breki. Nondo zikachomoka kwenye mnyororo, zikashuka bila yeye.

Siku ya tatu alimkuta shemeji wodini, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko. Mkewe Mwewe alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa. Ripoti ya msimamizi ilisema upepo, na kila mtu alikuwa ameikubali. Angeweza kunyamaza akabaki na kiti chake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote: tumbo, njaa, macho.

Shemeji alijiinua kwa kiwiko cha kushoto, akamgeukia.

"Ungenipungia mkono tu," alisema. "Ningeutua mzigo, ukaenda, nikawaambia kreni imechemka. Mara ngapi nimekudanganyia kwa dada yangu?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Mwezi mzima."

Hakutabasamu. Akauinua mkono uliobaki, kidole kikaelekea sakafuni, kikazunguka polepole. Shusha. Mwewe alielewa kuwa safari hii wa kushuka ni yeye, ashuke kwenye kreni, na kwamba hapandi tena.

Alitoka kumwendea msimamizi, amwambie haukuwa upepo. Ukumbini tumbo lilimshika, watu wamejaa kwenye mabenchi. Akamwuliza muuguzi choo kiko wapi, kwa sauti, wakageuka wote. Hakuna aliyecheka.