Diski Iliyobaki kwa Fundi

Laptop ya Mwalimu Nanyori ilikuwa nzito mno. Ukiiwasha, ungeweza kubandika chai, ikachemka, ukainywa, na bado ukakuta kiduara kinazunguka kwenye kioo. Ndiyo maana siku ya mnada alipanda gari kutoka Malambo, mtoto mgongoni, akaileta kwa Vedasto, fundi kijana mwenye kibanda karibu na stendi ya Karatu.

Vedasto alikuwa ametoka chuo na imani moja: hakuna mtu anayepaswa kuachwa nyuma kwa sababu mashine yake ni ya bei ya chini.

"Usinunue nyingine, Mwalimu," alimwambia. "Hii akili yake nzima, miguu ndiyo imechoka. Tunatoa diski hii ya kizamani, tunaweka SSD ndogo, tunaongeza RAM. Itakimbia kama swala."

"Swala wa Serengeti au wa Karatu? Maana wa Karatu mmeshawala wote."

Vedasto akacheka. Kisha akamweleza kwamba SSD ya bei nafuu ina nafasi ndogo kuliko diski ya zamani, hivyo si kila kitu kitahamia. Ahamishe nini?

"Kazi za shule. Na ile ya bibi yangu, ile ya sauti. Hiyo usiiache."

"Folda inaitwaje?"

Nanyori akarekebisha shuka lililomfunika mtoto. "Ya bibi tu. Utaiona."

Akaiona folda iliyoandikwa "Bibi", imejaa picha za ajuza mwenye shanga, akaihamisha. Nyingine iliyoandikwa "Nailantei" hakuifungua. Alidhani ni mambo ya mwanafunzi fulani, na wateja walikuwa wamejazana hadi mlangoni.

Diski kuukuu, kwa desturi ya kibanda chake, hubaki kwa fundi. Ndiyo maana mteja hupunguziwa bei. Jioni ileile Vedasto akaifuta, akaipiga Windows upya, akaitia kwenye laptop ya Remigius, dereva wa watalii ambaye diski yake iliuawa na vumbi la barabara za kreta.

Siku chache baadaye Nanyori akapiga simu.

"Fundi, inakimbia kweli. Lakini sauti ya bibi siioni. Picha zipo, sauti hakuna."

"Ilikuwa kwenye folda gani, Mwalimu?"

"Ile yenye jina lake. Niliiandika akiwa hai. Sasa ametutoka, siwezi kulitaja."

Vedasto alizaliwa Oldeani, akakaa dawati moja na watoto wa wafugaji. Alijua tangu utotoni kwamba wengi wao hawataji jina la marehemu wao. Alilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake mwenyewe, na siku aliyolihitaji hakulikumbuka.

"Labda uliifuta bila kujua," ulimi wake ukasema, kabla moyo haujauzuia.

Upande wa pili mtoto akalia kidogo.

"Labda. Huyu hunibonyezea vitufe ovyo," alisema Nanyori. "Bibi alimbariki humo kabla hajazaliwa, unajua? Alijua hataishi kumwona, akasema tuiwashe siku ya kumnyoa nywele za kwanza. Basi, ni mimi. Asante, kaka."

Asante ile ikamfuata Vedasto hadi mezani. Siku hiyo makande yalimshinda.

Asubuhi alimkuta Remigius anaosha gari, laptop imefunguliwa juu ya boneti.

"Remi, izime hiyo."

"Nizime nini? Mgeni wangu anasubiri picha za faru."

"Zima. Kila picha unayoweka unamkanyaga bibi wa watu."

Remigius akautoa mswaki mdomoni. "Humu ndani kuna bibi?"

Alipoelezwa kwamba kilichofutwa huweza kurudishwa mradi kisiandikiwe kingine juu yake, akaifunga laptop taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Chukua. Lakini nimeshaweka humo tembo na harusi nzima ya dada yangu. Na huyo Mwalimu umemwambia?"

Vedasto akaitia laptop kwapani.

"Basi diski ndiyo kazi ndogo," Remigius akasema.

Vedasto akamtilia dereva diski nyingine, kisha akakaa kibandani kuichimba ile ya zamani. Mafaili yalirudi bila majina, namba tupu. Mengi yalikuwa yamekufa. Hakujua Kimaasai, lakini alisikiliza yote. Faili moja lilikuwa na sauti ya bibi kizee, taratibu, kama anayeomba. Sauti ikaja, ikakatika, ikaja tena, ikakatika. Lilijaa matundu, na mwishoni likazimika kabisa. Akalirudia kila njia aliyofundishwa chuoni, na nyingine ambazo hakufundishwa.

Angeweza kupiga simu. Lakini aliona kwamba uongo aliousema kwa simu hautubiwi kwa simu. Akapanda gari la mizigo, likapita ukingo wa kreta katika ukungu, likashuka nyikani hadi Malambo.

Nanyori alimkaribisha chai. Vedasto hakuigusa.

"Mwalimu, hukufuta wewe. Ni mimi. Niliona jina lile nikalipita, nikaifuta diski, kisha nikakutupia wewe."

Nanyori akalitua birika.

"Mama yangu hasemi nami," akasema. "Tangu nilipomwambia nimepoteza sauti ya mama yake."

Vedasto akainamisha kichwa. Akachomeka diski, akafungua lile faili. "Hili ndilo lililobaki. Limetobokatoboka. Nisamehe."

Sauti ya bibi ikajaa chumbani, kisha ikakatika. Katika ule ukimya Nanyori akasema polepole, "Naai." Sauti ikaendelea. Ikakatika. "Naai."

"Hapa haijakatika, fundi," alisema bila kumtazama. "Hapa anatungoja tuitikie baraka."

Mama yake akatokea mlangoni, kibuyu cha maziwa mkononi. Akasimama kama aliyeitwa. Sauti ilipotua, akaitikia pamoja na binti yake, "Naai," na tena, "Naai," na mtoto mgongoni akageuza kichwa kutafuta anayezungumza.

Kisha sauti ikakoma katikati ya neno. Wakangoja.

"Na hapa?" Nanyori akauliza. "Anatungoja pia?"

Laptop ilikuwa nyepesi, haina kosa lolote, inamulika meza yote.

"Hapana, Mwalimu. Hapo ni mimi."

Yule mama hakujua Kiswahili. Alibaki pale mlangoni, midomo tayari, akingoja.