Poncho la Marehemu Anselmo

Eudosia alipotoka nje amevaa poncho, joho la sufu la marehemu mumewe Anselmo, wifi yake Rosalba aliangua kicheko.

"Wifi, hilo linawatosha wewe, farasi na kuku wote! Niachie nilikate."

"Mkasi wako ukae mbali. La kaka yako hili."

Rosalba akainua upindo wa sufu uliokuwa ukiburutika matopeni, akamkunjia taratibu. Walikuwa wanakwenda kwa jirani kunyoa kondoo. Mjukuu wao Yanira, wa miaka mitano, alitangulia akiruka madimbwi. Rosalba alibeba birika na kibuyu chake cha kunywea chai ya majani ya kienyeji iitwayo mate, ambayo asingeiacha hata akiitwa mbinguni.

Kwenye kona ya mto, puma, paka mkubwa wa mwituni, alikuwa juu ya jiwe akimtazama mtoto. Ncha ya mkia ilichezacheza.

Yanira aligeuka akimbie. Eudosia akamdaka, akamwingiza ndani ya poncho. Alikumbuka maneno ya Anselmo: ukimpa puma mgongo, umeshakuwa kondoo. Akamkazia macho mnyama, akatanua mikono juu, poncho likafunguka kama hema.

Kibuyu kikamponyoka Rosalba. Na mwanamke gani wa huku kwetu Aysén aache kibuyu chake chini? Akainama kukiokota. Puma akashuka jiweni, tumbo likigusa nyasi, akanyemelea.

"Simama, wewe! Ukiinama anakuona kondoo!"

"Kibuyu changu!"

"Mwachie anywe!"

Rosalba akasimama wima, kibuyu kikabaki chini. Angeweza kurudi nyuma, lakini alikuja mbele ya mtoto, akagonga kifuniko cha birika na kuporomosha matusi ambayo padri hajawahi kuyasikia kitubioni. Puma akasogea tena. Birika likaruka, likampata begani. Akashtuka, akavuka mto kwa mruko mmoja, akapotelea msituni.

Wakaondoka kinyumenyume, macho msituni, mpaka walipougusa uzio wa jirani.

"Bibi," sauti ndogo ikatoka ndani ya sufu, "ameenda? Humu mnanukia babu."

Wanawake wale wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Kwa jirani, Eudosia alitoa kibuyu chake mwenyewe mfukoni, akakijaza chai, akampa Rosalba anywe kwanza. Akaishikilia mikono ya wifi yake juu ya kibuyu.

"Wifi," Rosalba alisema, "ule mkasi nimesahau nilikouweka."