Upande wa Pili wa Injini

Jukwaa la duara la kugeuzia injini za treni tulilisukuma watu wawili, mimi na kaka yangu, kila mmoja na mpini wake. Injini ikishapanda katikati hatuonani tena, kwa hiyo tulizoea kuitana ili tusukume pamoja.

Juma lililopita tulimzika kaka. Leo asubuhi hawakuwa wamenipa mtu mwingine, injini ilipopanda nikashika mpini peke yangu nikijua jukwaa halitasogea. Likasogea, jepesi kama siku zote.

"Unasukuma au umeegemea tu, bwana mdogo?" sauti ikauliza kutoka upande wa pili.

Ndivyo alivyonitania kila siku. Mpini sikuuachia.

"Nasukuma, kaka."

Tukaifikia reli ya kutokea, tukaipita. Dereva, ambaye ni mgeni hapa, alichungulia nje kupitia dirisha la upande wa pili, kisha akanigeukia.

"Nyie, mmepitiliza. Mbona mwenzako namwambia asimame hanisikii?"

Tukisimama, injini itaondoka, na upande ule nitauona wote.

"Subiri kidogo," nikamwambia, nikaendelea kusukuma.