Bibi Yuko Hospitali

Goma ina watu wanaoogopa volkano, na ina watu wanaomwogopa Muzee Adalbert. Hawa wa pili ni waigizaji. Kila juma katika gazeti la Jiwe Moto, ukurasa wa mwisho, juu ya matangazo ya vifo, Adalbert alitangaza drama gani ya televisheni inafaa kutazamwa na komedi gani imwagwe pamoja na maji ya kuoshea mihogo. Inasimuliwa kwamba mchekeshaji mmoja, alipoandikwa kuwa anachekesha kama jino bovu, alihama mjini akaenda Kibati kulima maharage, na maharage yenyewe mpaka leo yanakataa kuiva kwa huzuni ya bwana wao.

Adalbert alikuwa fundi wa redio kutoka Butembo, mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Hakusomea ukosoaji popote. Alikuwa na sheria zake mbili tu. Drama nzuri ni ile inayomfanya mama asahau sombe jikoni mpaka iungue. Komedi nzuri ni ile inayomchekesha mtu aliyejikwaa asubuhi kwenye mawe meusi ya barabara yetu, kidole bado kinamuuma. Mengine yote, alisema, ni nguo za waigizaji.

Juma lile alikuwa ameandika juu ya Shamba la Wifi, drama ya Dar es Salaam ambayo Goma nzima iliifuata kwa sababu moja: ndani yake alicheza kijana wa kwetu, Useni, mtoto wa Mwavita muuza vitenge wa Birere. Katika kipande kile Useni aliketi kwenye benchi na msichana, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi yangu yuko hospitali, sijui kama atapona. Lakini nikikuona wewe, roho inatulia."

Adalbert aliruka kitini. Kalamu yake haikulala. Aliandika kwamba ni aibu drama kumpamba mwanaume anayemwacha bibi yake kitandani akaenda kutafuta mwingine kwenye benchi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza sifa: "Lakini kijana wetu Useni ni hodari. Haigizi. Anasema kama mtu aliyetoka nyumbani kwake sasa hivi."

Gazeti lilitoka Jumatatu. Jumanne, Mwavita aliingia kwa Adalbert bila kubisha hodi, amebeba furushi kichwani. Alilitua mezani juu ya redio iliyofunguliwa tumbo.

"Papa Adalbert, bibi ni nani?"

"Karibu, Mama Useni. Keti."

"Sikuje kukaa. Bibi ni nani?"

"Bibi ni bibi. Mwanamuke wa mutu. Marehemu Micheline alikuwa bibi yangu, unajua vizuri."

"Hapa Goma! Kule Dar, bibi ni tate! Ni mama ya mama yake! Mama yangu mimi alizaliwa Tanga, nilikuwa ninamusikia kila siku. Mutoto analilia tate yake hospitali, na wewe unamufanya muhuni mbele ya mji muzima!"

Si Adalbert peke yake aliyesikia hivyo. Mji mzima ulisikia bibi, na mji mzima ulimwona mwanamke kijana amelala na dripu mkononi, ingawa kamera haikumwonyesha hata ukucha.

"Na hii furushi?"

"Ni vitenge na sukari tulivyopeleka kwa Mahamudi kumuposa Jamila. Amevirudisha leo asubui. Anasema hawezi kutoa binti yake kwa mutu mwenye bibi Dar. Ndoa ya mutoto yangu ikikufa, Papa Adalbert, uandike na tangazo ya kifo yake. Nafasi iko, pale chini ya jina yako."

Akatoka. Furushi akaliacha.

Mahamudi alikuwa dereva wa lori la kwenda Kiwanja, mtu wa ukoo wa Maniema, na barabara ya Rutshuru ilikuwa imemfundisha kutoamini kitu asichokiona kwa macho. Wenzake walidai hata mvua ilipomnyeshea aliuliza kwanza nani ameileta. Adalbert alimkuta uani, amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. Pembeni, juu ya mkeka, mama yake, Asumini, alikuwa anachambua maharage.

Adalbert aliieleza ile miguu habari yote: bibi wa Goma, bibi wa Dar, tate, hospitali. Miguu haikutikisika.

"Umemaliza?" sauti ikatoka chini.

"Nimemaliza."

"Ule kijana alisema na kinywa yake, bibi yangu. Na wewe muzee muzima uliandika kama haigizi. Nilisoma mwenyewe. Haigizi! Anasema kama mutu anayetoka kwake. Sasa kwake ni wapi? Na kwake kuko nani?"

"Ile ilikuwa kumusifu!"

"Eh. Sifa gani hiyo?"

Tangu aanze kuandika, Adalbert alikuwa akilalamika kwamba watu hawasomi maneno yake neno kwa neno. Leo amempata msomaji wa namna hiyo, naye yuko chini ya lori.

"Alhamisi kuko kipande kingine," alisema mwishowe. "Tutazame pamoja hapa kwako. Lazima watamuonyesha ule mugonjwa."

Mahamudi akajitokeza, uso umejaa grisi. "Sawa. Nikiona tate, Mama Useni arudishe vitenge vyake. Nikiona mwanamuke, Jamila anaolewa na ule muuza mbao wa Kalengera anayemutaka. Wiki hii hii. Nimesema."

Ndani ya nyumba kitu cha udongo kilianguka kikavunjika. Huyo alikuwa Jamila, anasikiliza.

Alhamisi jioni waliketi sebuleni: Mahamudi katikati, mama yake pembeni, Adalbert ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, Jamila amesimama nyuma ya pazia. Adalbert alikuwa amemwomba Bikira Maria asiruhusu umeme kukatika, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Waislamu, aliomba kimoyomoyo.

Umeme haukukatika. Useni akaingia hospitali na ua mkononi. Kamera ikampita muuguzi mwenye sindano, ikageuka kitandani. Pale alilala kikongwe, nywele nyeupe kama pamba, mashavu yameingia ndani.

"Unaona?" Adalbert akapumua. "Tate!"

Mahamudi aliikazia macho televisheni. Polepole uso wake ukakunjamana.

"Ni muzee vile? Umri wa mama yangu? Kumbe! Ameoa nyumba, hakuoa mutu! Anangoja akufe arithi!"

"Hapana, Mahamudi..."

Kikongwe akafumbua macho, akatabasamu bila meno. "Mume wangu," akasema, "ndiyo umeniletea ua tu? Wenzio wananiletea machungwa."

"Mume wangu!" Mahamudi alisimama wima. "Mumesikia? Mume wangu! Kule Dar mume ni nani, Muzee Adalbert? Ni mujomba?"

Nyuma ya pazia Jamila akaanza kulia.

Ndipo Asumini akacheka. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka mabegani, akakohoa, akacheka tena.

"Mahamudi, kaa chini. Ule kijana wako Abdoul, asubui ninamuita nani?"

Mahamudi akakaa. "Unamuita bwana yako."

"Akichelewa kuniletea chai?"

"Unasema utamupa talaka."

"Basi nimeolewa na mujukulu yangu? Ndoa ya lini, ao umekula sherehe ukasahau?"

"Mama, ile ni mchezo ya tate na mujukulu."

"Na hii ni nini? Mwanamuke wa kweli, bwana yake akimufikia hospitali na ua, haombe machungwa akicheka. Anauliza: ulilala wapi jana?"

Kwenye televisheni Useni alikuwa anamfunika yule kikongwe shuka mpaka shingoni. Mahamudi alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama daraja bovu kabla ya kupitisha lori.

"Mama Useni alete vitenge," akasema. "Lakini gazeti ilisema bibi. Gazeti iseme tate. Na jina yako chini."

"Sijawahi kufuta neno langu, Mahamudi."

"Muuza mbao wa Kalengera yuko na simu, ninaweza kumuita sasa."

"Ninaandika," akasema Adalbert.

Jamila alitoka nyuma ya pazia na karatasi kabla hajaombwa. Adalbert akaandika palepale, kwenye goti:

"Juma lililopita niliandika kwamba kijana wa Shamba la Wifi amemwacha bibi yake hospitali. Ni tate yake. Kosa ni la masikio yangu. Useni hajaoa. Anaigiza, tena vizuri kiasi cha kumpoteza mkosoaji."

"Na dereva," Asumini akasema.

"Acha dereva," akasema Mahamudi.

"Andika, Papa Adalbert. Na dereva."

Akaandika. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaongeza mstari mmoja: kwamba muuguzi wa kipande kile alishika sindano kama mwiko wa bugali, na hili hatalifuta hata aolewe nani.