Kiti cha Zenaida

Baba yangu aliiba chupa yangu ya meskali siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano binti yangu alikuwa ameshakuwa mwanafunzi wa muziki.

Hapa San Telmo mambo huenda hivyo. Ukitaka mwalimu wa bendi ampokee mtoto wako, humwandikii barua. Unavaa nguo safi, unambebea meskali, pombe yetu kali, na tamale za maharage, unga wa mahindi uliokunjwa majanini, unaketi, unazungusha maneno mpaka kahawa ipoe, ndipo unaomba. Mwalimu akinyanyua kikombe akanywa, basi, neno limepita kooni. Sijasikia mzazi aliyewahi kwenda kudai litoke.

Chupa ile niliiweka kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Nilipoona nafasi yake tupu nyuma ya gunia la mahindi, sikuhitaji kupiga ramli.

"Baba, chupa iko wapi?"

Alikuwa ameketi barazani akiifuta klarineti yake. Daktari alimkataza kuipuliza tangu mapafu yaanze kumsumbua, lakini kuifuta hakukatazwa, kwa hiyo aliifuta kila siku, asubuhi na jioni.

"Nimempelekea mwalimu Abundio."

"Kwa shughuli gani?"

"Ya Zenaida. Jina lake limeshaandikwa. Anaanza Jumatatu."

Zenaida alikuwa na miaka sita na nusu, na meno mawili ya mbele juu yalikuwa yameng'oka mwezi uleule. Hata mbuzi wa hapa wanajua kwamba klarineti inataka meno. Mtoto akiishika kwa ufizi, mdomo unazoea vibaya, na kilichozoewa hakitoki. Tena kuna kanuni ya bendi: mtoto anapokelewa akiwa na miaka minane, anakalia benchi mwaka mzima akisoma noti kwa mdomo na kupiga mdundo kwa mkono, hajagusa hata ngoma. Lakini baba alikuwa mpiga klarineti mkuu wa bendi kwa miaka arobaini na mmoja. Nani atamsomea kanuni?

"Baba, mtoto huyu akipuliza mshumaa mate yanatangulia!"

"Wewe ulianza na mitano."

"Na nikaacha na tisa. Hiyo mbona huihesabu?"

Alirudia kuifuta klarineti, kwa sababu hilo halikuwa likitajwa nyumbani kwetu. Miaka minne nilikalia benchi mbele yake, yeye na fimbo yake ya mti wa kahawa. Nilikwama katika somo la kumi na nne, mstari wa tatu. Kila alasiri nilikosea mahali palepale, na kila alasiri fimbo ilitua kwenye vifundo vya vidole vyangu. Siku moja nilimwambia bora nikabebe kuni, nikaenda kubeba kuni kweli. Tangu siku ile siimbi. Kanisani nachezesha midomo tu. Mume wangu Wilfrido alinichumbia akidhani nilizaliwa bila sauti.

Na Zenaida wangu anaimba. Anawaimbia kuku, anauimbia mtambo wa kusaga mahindi, anaimba akiwa chooni mpaka jirani anamjibu. Nilikuwa na hofu moja tu maishani, kwamba siku moja nitageuka kanisani nimkute naye anachezesha midomo.

"Nataka nimfunze mwenyewe, maadamu pumzi ipo," baba alisema. "Meno yatakuja, Honorina. Mimi je?"

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Daktari alitaja mwaka mmoja, pengine miwili. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyowahi kufika mdomoni.

"Kafunze kuku," nikamwambia, nikajitanda shali na kuondoka.

Mwalimu Abundio alinipokea akiwa ameshika kichwa.

"Nimekuja kumtoa mwanangu," nikasema.

"Dada Honorina, nimeshakunywa."

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Baba yako alikaa saa tatu nzima. Nilikunywa kiasi cha kumpokea hata punda." Akaniangalia kwa macho mekundu. "Najua bado mdogo. Lakini mzee aliyenifundisha kazi amekuja kwangu na shati jeupe, anakohoa, anaomba. Ningemwambia nini? Na kamati ya bendi imeshasomewa jina. Kiti chake kikikaa kitupu Jumatatu, watu hawatakucheka wewe. Watasema neno la mzee Crisóforo halina uzito tena."

Nilitoka pale nikitamani kupiga kitu teke. Nikimpeleka mtoto, namkabidhi kwa fimbo ileile iliyonilea. Nisipompeleka, namvunjia heshima mzee mgonjwa mbele ya mji mzima.

Mbele ya ofisi ya mji nilimkuta shemeji yangu Nazario amesimama na fimbo ya ulinzi. Zamu ile ilikuwa ya Wilfrido, lakini Wilfrido alikuwa nyumbani na mguu ulioteguka, na zamu ya mji haingoji mguu upone. Ndugu hushika fimbo mpaka mwenyewe arudi. Ndivyo tulivyofanya tangu enzi za wazee.

"Shemeji, vipi?" Nazario akauliza. "Mbona umeganda kama umeona nyoka?"

Sikumjibu. Niligeuza njia nikarudi kwa mwalimu mbio, nikamkuta anajipikia mchuzi wa pilipili.

"Kiti cha Zenaida kitakaliwa na mtu wa nyumba yake," nikasema, "mpaka meno yaote na miaka minane itimie."

"Mtu gani? Wilfrido? Dada, Wilfrido hata kupiga makofi anapitwa."

"Mimi."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona mimi sicheki.

"Benchi zenyewe fupi," akasema polepole.

"Magoti ni yangu."

Jumatatu saa kumi alasiri nikaketi katikati ya watoto kumi na wawili, magoti yakinifika kidevuni. Hawakunihurumia.

"Mama Zenaida, umerudia darasa?"

"Mama Zenaida, jikunje kidogo, unaziba ubao!"

"Nikijikunja zaidi nitakuwa tamale," nikawajibu, na kwa hilo wakanikubali. Baba alikuja pia, hakualikwa na mtu. Aliketi kizingitini na sanduku la klarineti mapajani, Zenaida kando yake akihesabu mchwa. Tangu siku ile baba alipita barabarani kichwa juu. Heshima yake ilikuwa imeokolewa, ingawa kwa njia ya kichekesho.

Majuma ya kwanza yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Mkono chini, mkono kando, mkono juu. Nilisoma majina ya noti kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, na mwalimu hakunisukuma niimbe. Masomo yalirudi yenyewe, moja baada ya moja, na nilijua lile lingine linakuja.

Lilikuja siku ya mvua. Mwalimu alifungua ukurasa wa somo la kumi na nne na kunitazama.

"Honorina, anza."

Mstari wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Wa tatu una noti ndefu, kisha pumziko, kisha kundi la noti ndogo zinazokimbia. Vidole vyangu vilianza kuuma kabla sijafika. Nikashika noti ndefu, nikaiachia, nikarukia zile ndogo.

"Umewahi," mwalimu akasema. "Pumziko lile ni mapigo mawili."

"Ni moja."

"Mawili, dada. Tazama."

Nikatazama. Yalikuwa mawili, yameandikwa wazi, na kitabu kilikuwa kilekile cha utotoni mwangu, hata doa la kahawa ninalikumbuka. Nilikuwa na hakika kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa nikingoja mawili. Nilikuwa nikingoja, na fimbo ilikuwa ikitua wakati nangoja, mpaka ikaniaminisha kwamba ni moja.

Nikageuka mlangoni. Baba alikuwa amesimama, sanduku limemwangukia miguuni.

"Ni mawili," akasema. Pumzi ilimpigia filimbi kifuani. "Mimi ndiye niliyekuwa naharakisha. Kila pumziko nilikuwa naliharakisha, bendi nzima walijua, kiongozi wetu alikuwa ananikanyaga mguu. Honorina alikuwa anangoja sawasawa. Nikampiga kwa kuchelewa."

Mvua tu ilisikika kwenye mabati.

"Ulijua lini?" nikauliza.

"Mwaka mmoja tu baada ya wewe kuacha."

Nina miaka thelathini na nne. Nikatoa tisa, nikatoa na ule mmoja, ikabaki ishirini na minne. Alikuwa na miaka yote hiyo ya kuniambia sentensi moja. Nililia mbele ya watoto wa watu, na sikujifunika uso. Nilikuwa na hasira kuliko siku zote za fimbo.

Zenaida alimvuta babu yake suruali.

"Babu, sasa nani apigwe?"

Hakuna aliyecheka. Baba aliingia, akapita kati ya mabenchi, akaunyoosha mkono wake mbele yangu, vifundo juu. Naapa, kwa muda mfupi nilitazama kama kuna rula mezani.

Kisha nikaushika mkono ule, nikauweka kando ya wangu.

"Mtoto je?" akauliza kwa sauti ndogo. "Unanikataza?"

"Klarineti itangoja meno," nikasema. "Kuimba anza naye hata leo, barazani, bila fimbo. Lakini kwanza piga mdundo hapa. Na usiharakishe, Baba. Ukiharakisha nakukanyaga."

Mwalimu Abundio alirudi nyuma hatua mbili akatuachia meza. Tulianza mstari wa kwanza, mkono wangu na wa baba ukishuka pamoja, ukienda kando, ukipanda. Mstari wa pili. Noti ndefu. Kwenye pumziko nilihisi mkono wake unataka kukimbia, akauzuia kwa nguvu mpaka kiwiko kikatikisika. Moja. Mbili. Ndipo nikazirukia zile noti ndogo, na nilipozifikia sikuzisoma, niliziimba, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Tulipomaliza mstari, Zenaida alikuwa ameacha mdomo wazi, pengo lake lote likionekana.

"Mama," akasema, "kumbe una sauti!"