Puto la Kibuyu

Lea Matonya alizijua kanuni za mchezo ule kuliko wanaume wote walioucheza, maana yeye ndiye aliyezipiga taipu. Mpima ardhi mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake Dodoma alimwachia kitabu cha kanuni hizo Optatus, mchora ramani wa ofisi ya ardhi ambako Lea alikuwa mpiga taipu. Optatus akakitafsiri kwa mkono, Lea akakipiga kwenye stensili, kurasa arobaini na moja. Tangu hapo, kila Jumamosi mchana, wanaume wanne walikusanyika chumba cha ramani, wakatandaza karatasi ya miraba juu ya meza kubwa na kupiganisha ndege za vita vya zamani vya Mjerumani na Mwingereza. Ndege zilikuwa za mbao, ndogo kama kiganja, na dadu ndizo zilizoamua nani anaanguka.

Lea aliandika pointi. Miaka miwili aliandika pointi, amesimama ukutani na daftari lake, akiwatazama watu wazima wakikosea mambo ambayo yeye angeyasoma usingizini. Alikitaka kiti pale mezani. Alikitaka kuliko alivyotaka kupandishwa cheo, na asingeona haya kukuambia hivyo.

Sheria ya chama ilikuwa moja: mwenye chombo ndiye mwenye kiti, na chombo kitengenezwe kwa mkono. Waliitunga enzi zile maduka yalipokuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Sasa ulikuwa mwaka tisini na mbili, ruksa ya kuagiza bidhaa imeingia, vidude vya plastiki kutoka Dubai vimejaa hadi vibarazani, lakini Mzee Habibu hakubadilika. Alikuwa mtunza stoo, Mrangi wa Kondoa, na mwenyekiti wa chama tangu siku ya kwanza. Cha dukani hakiingii mezani, alisema, na aliyekipenda cha dukani akacheze dukani.

Lea alipoomba kiti, mwezi wa Desemba, Mzee Habibu hakuweza kukataa waziwazi. Akampa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitaka: puto la upelelezi. Vitani lilikuwa puto refu lenye mapezi nyuma, limefungwa kwa kamba kwenye winchi, chini yake kikapu, na ndani ya kikapu mtu na darubini akitazama mizinga inaangukia wapi. Halikimbii wala halipigi. Kazi yake ni kukaa juu na kuwindwa. Wanaume walishajaribu kulichonga wakashindwa, kwa sababu puto la mbao lilikuwa zito na kila mara lilipinda waya uliolisimamisha mezani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mzee Habibu alimwambia, na wenzake wakacheka.

Lea aliinama kweli, lakini shambani. Mvua zilipokolea alipanda vibuyu nyuma ya nyumba ya mama yake, Hombolo. Kila Mgogo anajua kwamba kibuyu kikiwa kichanga kinakubali kufundishwa: ukikifunga kitakua unavyotaka wewe. Akavifunga vitatu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na kila Jumapili ya pili alikwenda kuvilegeza kidogo na kuvifunga upya. Kimoja kilipasuka. Cha pili mbuzi walikionja wakakiacha nusu. Cha tatu kilitoka kirefu, chembamba, kimenyooka, na Lea alipokiona alicheka peke yake katikati ya shamba.

Kilipokauka alikikwangua ndani na kukiacha kwa mama yake kipate jua zaidi, akamsihi akitunze kama cha kwake. Na hapo ndipo alipojiponza. Mama yake, Evelina, alikitunza kama cha kwake hasa: alikifukiza moshi na kukipaka samli, ndani na nje, wiki tatu mfululizo, kama unavyofanya kwa kibuyu cha maziwa cha binti anayeolewa. Lea alipokwenda kukichukua kiling'aa rangi ya kahawia na kunukia vizuri mno. Mama alimkabidhi kwa mikono miwili. Nani angekuwa na moyo wa kumgombeza?

Rangi ya kijivu aliyopaka Ijumaa jioni ilikuwa imebanduka Jumamosi asubuhi. Akakisugua kwa majivu, akakiosha kwa sabuni ya unga, akapaka tena, ikateleza tena. Kanuni ya kumi na saba, aliyoipiga taipu mwenyewe, ilisema chombo kisicho na alama ya upande wake hakiruki. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni kwake Nzuguni, machozi yakimlengalenga, akajiona mjinga wa miezi minane. Kisha akapiga moyo konde. Samli inakataa rangi, lakini haijawahi kukataa moto. Akatia msumari kwenye jiko la mkaa na kuanza kuchoma alama ubavuni, mstari kwa mstari, kama wanawake wa kwao wanavyonakshi vibuyu. Mara moja msumari ulizama ukatoboa. Tundu lile akalifanya mahali pa kupitishia kamba ya kikapu.

Saa nane mchana puto lilisimama mezani juu ya spoku ya baiskeli, na spoku haikupinda hata kidogo. Optatus alikisogeza kikapu cha ukindu kwa ncha ya penseli, akatabasamu. Mzee Habibu alivaa miwani, akapima kwa rula, akapima tena.

"Hiki umekiotesha," alisema hatimaye. "Hukukitengeneza."

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Lea, kwa kuwa hakuwa amemsalimia bado. Akangoja mpaka akaitikiwa. "Na mbao ya ndege yako iliota wapi? Wewe uliikuta imeshakomaa. Mimi cha kwangu nimekifunga kikiwa na ua lake bado."

Optatus aliangua kicheko. Mzee Habibu hakucheka, ila alivua miwani, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo kubwa. Akasema haya, puto limepita. Optatus ataliendesha, kwa kuwa ni la upande wake, na Lea aendelee na pointi zake.

Lea hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akaling'oa puto mezani na spoku yake, akalishika kifuani.

"Sheria ni yenu, mimi niliipiga chapa tu," alisema. "Kama mimi sina kiti, na lenyewe halina."

Mzee Habibu alimtazama, akalitazama puto, kisha akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba kiti kutoka stoo, chenye vumbi, akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe na kukiweka upande wa pili wa meza, uso kwa uso na chake.

Walianza. Zamu ya nne ndege ya Mzee Habibu ilishuka moja kwa moja kulielekea puto, ikabaki miraba mitatu tu kati yao, na kila aliyekuwepo alijua kinachofanywa na mwenye puto: anazungusha winchi na kulishusha haraka kabla halijapigwa.

"Unateremsha?" Mzee Habibu aliuliza.

Lea aliviweka viwiko vyake mezani.

"Siteremshi," alisema. "Likianguka, litaanguka na mwenyewe nipo."

Mzee Habibu akazichukua dadu.