Walisema ni Chira

Mwanangu Walter alipoanza kukonda, tulitafuta ni mila gani amevunja. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Naandika haya kwa akina mama wenye vijana wa ofisini. Ukimwona kijana wako anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, usikimbilie wazee kwanza.

Walter ni wa pili kuzaliwa. Alianza kazi kiwanda cha pamba mjini Kisumu akibeba marobota, na kila asubuhi alipiga baiskeli kutoka Mamboleo. Alikuwa mwembamba, mwenye nguvu. Halafu mwaka wa sabini na moja akapandishwa, akawa karani wa mizani. Akapanga nyumba Migosi, baiskeli akampa binamu yake, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti kutwa. Ugali wa mtama akasema ni chakula cha watu wa shamba. Kwake ikawa mkate mweupe na siagi, nyama ya kukaanga, soda, na chai ya sukari mpaka midomo inanata. Mkewe Dorca alimpikia hivyo kwa sababu kwetu mwanamke ambaye mumewe amekonda husemwa sokoni. Walter akaota kitambi. Nilipowatembelea, jirani mmoja aliniambia, "Mama, mwanao sasa anafanana na mshahara wake." Nikacheka, nikafurahi.

Kile kitambi kiliisha katika msimu mmoja. Nguo zikamvaa. Maji hayakumtosha, na kila mara alikuwa anatoka kwenda chooni. Hospitalini walimpima, wakasema ni ugonjwa wa sukari. Wakamwambia ajidunge sindano kila asubuhi maisha yake yote, aache sukari na soda, ale mboga zetu chungu na ugali kidogo, tena atembee. Dorca akajifunza kuchemsha ile sindano ya kioo kwenye sufuria. Chupa ya dawa aliiweka kwenye mchanga wenye maji kando ya nyungu, isishikwe na joto. Walter akapata nguvu, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Lakini kitambi hakikurudi, na watu wetu hawakuridhika.

Nyumbani Seme, shemeji yangu Mzee Nyangweso alikuwa na jibu lake. Kwetu mdogo hapandi shamba kabla ya mkubwa wake. Mwaka mmoja mvua iliwahi, na Oduor, kifungua mimba wangu, alikuwa kazini Magadi hajapewa ruhusa. Walter akaona mvua inapita bure, akapanda. Tangu hapo ndugu hawa wawili hawakusemezana. Basi Mzee akasema Walter ana chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomshika mvunja mila, na kwamba chira haisikii sindano.

Oduor aliomba likizo, akaja. Mzee akachemsha mizizi tunayoiita manyasi, dawa ya kuondoa chira, ndugu wakanywa kibuyu kimoja mbele ya wazee. Oduor akasema amesamehe. Walter akalia, Oduor akalia, na mimi pia. Siwezi kusema siku ile ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeiombea miaka.

Asubuhi yake Dorca aliweka sufuria ya sindano motoni. Walter akamwambia aiondoe. Nikamfuata.

"Nyathina, mwanangu, sindano kwanza, mengine baadaye."

"Mama, unataka nimtukane kaka yangu? Amenisamehe mbele ya wazee, halafu nijidunge kama mtu ambaye hajasamehewa?"

Mzee Nyangweso naye akamgeukia Dorca. "Wewe mke wetu, mpe mtu chakula. Umemfungisha mwaka mzima kama Mkatoliki wa Kwaresima."

Watu walicheka, na Walter alicheka zaidi yao. Akaletewa kuku, mandazi, na chai kama ile ya zamani. Dorca aliniangalia, na mimi sikuwa na neno ambalo wanaume wale wangesikia. Walter alikula kwa furaha siku ile na zilizofuata, bila sindano. Halafu kiu ikamrudia, akaanza kutapika, pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyooza. Mzee akasema ni chira inatoka. Tulipompakia kwenye gari la samaki kwenda Kisumu alikuwa hatambui mtu. Walimpokea wodini, wakahangaika naye, akafa kabla ya jua kuzama. Alikuwa hajafika miaka arobaini.

Matangani watu walileta sukari, kama kawaida yetu ya kufariji. Magunia yalipangwa ukutani mwa nyumba ya Dorca, naye akakaa ameyapa mgongo. Siku hiyo nilimtazama Oduor. Amenenepa, shingo imekunjana. Alimaliza soda, akachukua nyingine, akatoka kwenda nyuma ya nyumba, akarudi, akatoka tena. Nikamwita jikoni. Alidhani nataka kumlaumu.

"Mama, mimi nilimsamehe kwa moyo wote. Kwa nini hakupona?"

"Ulimsamehe vizuri, baba. Lakini sukari haijui mambo ya shamba lenu. Nenda ukapimwe."

"Mimi siumwi. Ni hili jua tu."

Nikamwambia kiu ya mdogo wake nayo tuliita jua. Alirudi Magadi baada ya watu kunyolewa kumaliza matanga.

Nesi aliyemtunza Walter alikuwa amenifundisha kwamba mkojo wenye sukari huita sisimizi. Nikamwambia Maximilla, mke wa Oduor, atazame mahali mumewe anapojisaidia nje. Juzi ametuma neno kupitia mtu wa kwetu anayefanya kazi huko. Sisimizi wapo, amejaribu kumwambia, na Oduor amekasirika, anasema mke wake anamtakia kifo.

Kesho ninapanda basi kwenda Magadi. Sijawahi kufika huko, na njia yake siijui. Nitamshika mkono nimpeleke hospitali kama nilivyompeleka shule, hata wafanyakazi wenzake wakisimama wakicheka.